Namikonga: kutoka Amani mpaka maabara

Wiki hii praktiko za DNA zimenibana kweli kweli. Ila humo humo nimekutana na stori ambayo nyie wa kusini sitaki iwapite.

Kwetu Nambilanje mhogo ukishikwa na michirizi kahawia, majani unaweza kuyaona ya kawaida tu. Siku ya kung'oa ndo unakuta ndani umeoza, na hapo njaa imeshapiga hodi. Ugonjwa huu H.H. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani, Tanga. Yeye na wenzake, Nichols na baadaye Jennings, waliuchavusha mhogo na mpira, ndugu yake wa porini, kisha uzao wakaurudisha kwa mhogo mara kadhaa ili upate mizizi ya kuliwa. Mradi ukaisha mwaka 1957, lakini mbegu zikabaki kwa wakulima. Mojawapo ndo Namikonga. Wakenya wanaiita Kaleso.

Sasa jamani, huo ukinzani umekaa wapi kwenye jozi 18 za kromosomu? Kwa macho huwezi kujua. Masumba na wenzake, waliochapisha kazi yao mwaka 2017, waliichavusha Namikonga na Albert, mbegu inayougua haraka. Watoto wakapandwa Naliendele na Chambezi, mizizi ikakatwa na kupewa alama za uozo. Upande wa pili ni maabara: unasaga jani changa, unatoa DNA, unasoma sehemu ambazo wazazi wametofautiana kwa herufi moja. Halafu unalinganisha. Kama watoto wazima wengi wamebeba herufi za Namikonga mahali fulani, basi jirani na hapo pana jeni unayoitafuta.

Walichopata ni maeneo ya kromosomu, si jeni moja ya kunyooshea kidole. Eneo moja linaweza kuwa na jeni nyingi sana. Hata hivyo faida ipo: alama hizo zikithibitishwa, mtafiti anaweza kuchagua mche ungali mdogo, bila kusubiri mwaka mzima ang'oe.

Mwaka 2016 waliosoma DNA ya mihogo ya Afrika walikuta vipande vya mpira bado vimo. Kazi ya Amani haikupotea! Na aliyeitunza ni mkulima, kwa kukata pingili na kumgawia jirani msimu hadi msimu. Bila yeye, maabara ingepima nini?

Haya, narudi kwenye ripoti. Tuko pamoja.