Historia ya Vifurushi vya Chanzo: Kutoka Debian hadi Kiswahili cha Kompyuta

Haki ya kuupata msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, iliwekewa msingi imara wa kisheria mwaka 1989, Richard Stallman alipotoa leseni ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu amwezeshe mpokeaji kuupata msimbo wake. Linus Torvalds alitoa kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, mwaka 1991 na kukiweka chini ya leseni hiyo mwaka uliofuata. Na kwa kuwa kiini pekee hakitoshi kuendesha kompyuta, Ian Murdock alianzisha Debian Agosti 1993 ili kukusanya programu huria katika mfumo mmoja.

Katika Debian kila programu huwa na kifurushi kilichokwisha kujengwa na kifurushi cha chanzo, ambacho hubeba msimbo wa watunzi, marekebisho ya Debian na faili ya maelezo yenye tarakimu za kuhakiki. Anayekihitaji huongeza kwanza hazina ya chanzo katika orodha ya mfumo, kisha hukiteremsha kwa amri ya apt source, husakinisha vitegemezi, yaani zana na maktaba zinazohitajika katika ujenzi, kwa apt build-dep, na mwisho hujenga kwa dpkg-buildpackage.

Thamani ya uhuru huo wa kuupata msimbo ilidhihirika Afrika Mashariki kupitia mradi wa Kilinux, ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wa Sweden kuitafsiri OpenOffice, programu ya kazi za ofisi. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, maneno ya menyu yaliweza kutolewa, kutafsiriwa, kurudishwa na programu ikajengwa upya bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Kilichobaki leo si ruhusa bali gharama, kwani chanzo cha programu kubwa pamoja na vitegemezi vyake humaliza bando haraka. Kwa mfano, mji wa Mbale nchini Uganda una Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na taasisi za namna hiyo zingefaa kuhifadhi nakala ya hazina ya chanzo katika mtandao wao wa ndani, ili kijana anayetoka Namatala, mtaa wa mji huo, ajifunze kujenga programu bila kulipia kila jaribio.