Paa ya Paa na Mzozo wa Ngeli

Mwaka 1965 msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alianzisha pamoja na wenzake jumba dogo la maonyesho ya sanaa jijini Nairobi, wakaliita Paa ya Paa. Maana iliyokusudiwa ni kwamba paa, yule mnyama, apaa juu. Njau alichukia kuiga. Alitaka msanii wa Afrika Mashariki aumbe kwa jicho lake mwenyewe.

Nilipokuwa nikifundisha ngeli kwa walimu wanafunzi hapa Mbulu, jina hilo lilizua ubishi mkali. Wengi wao walilelewa katika Kiiraqw, lugha ya Kikushi ambayo nomino zake hugawika kwa jinsi, si kwa ngeli kama zetu. Walitaka kanuni isiyoyumba: mnyama ni kiumbe hai, basi na isemwe "paa apaa".

Sikukubali jina lisahihishwe. Liunganisheni, niliwaambia, lisomeke "paa yapaa". Hapo nomino imefuata umbo lake, I-ZI, kama vile nyota yang'aa. (Katika Kiswahili sanifu uhai hutangulia umbo, hilo sibishani nalo.) Likitenganishwa, sikio huanza kudhani limesikia paa la nyumba pia, ingawa sarufi ingedai "la". "Paa apaa" ni sahihi, lakini inaufunga mlango huo.

Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi za jumba hilo. Njau na mkewe, Phillda, wakaendelea kuwapokea wasanii chini ya jina lilelile.