Pango la Nang'oma: Pale Mwanga Unapoishia

Kabla hujaingia, tazama kanga au shati la mwenzako. Tembea naye taratibu kuelekea ndani. Nyekundu itaanza kuwa nyeusi, rangi nyingine zitafuata kuwa kijivu, na mkigeuka kona mwanga utakwisha kabisa. Nguo haijabadilika. Rangi ni mwanga uliogonga kitu ukarudi machoni, na mwanga ukiwa hafifu jicho hushindwa kutofautisha rangi.

Mwanga tunaouona ni kipande chembamba cha ukoo mkubwa, mawimbi ya sumakuumeme. Mawimbi yake yana urefu wa nanomita 380 hadi 750 hivi, kuanzia zambarau mpaka nyekundu. Nanomita milioni moja ni milimita moja tu. Mafupi zaidi ni urujuanimno unaounguza ngozi, eksirei na miale ya gama. Marefu zaidi ni infraredi, yaani joto unalolisikia mwamba ukianikwa juani, kisha mawimbi ya redio. Yote husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe. Ndiyo maana humu simu yako hupoteza mtandao: jiwe huzuia mawimbi ya redio kama linavyozuia jua.

Popo wa humu hawasumbuki na giza, wao huongozwa na mwangwi wa sauti zao.

Giza hili liliokoa watu. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika Milima hii ya Matumbi, wenyeji walijificha humu wasionwe na askari wa Kijerumani.

Washa tochi yako uelekeze chini, popo wamelala.