Kumrudi mtoto

Tukisikia "kurudi" siku hizi, wengi huwaza safari: baba amerudi kutoka Koboko. Lakini muumini wa Manibe, kaskazini mwa Arua nchini Uganda, akifungua Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, atakikuta kitenzi hicho kikibeba mtendwa: mzazi humrudi mwana ampendaye. Kimo katika Mithali 13:24 na Waebrania 12:6, na maana yake ni kuadibu, kuonya, kunyoosha.

Si maneno mawili. Asili ni Kiarabu, radda, yaani kurejesha. Mbuzi aliyeingia kwenye shamba la mihogo hurejeshwa njiani. Ukimcharaza bila kumwonyesha pa kutokea, atazidi kuvuruga shamba.

Hapo ndipo wanaoifanya Mithali kibali cha kuchapa wanapoteleza. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwatie watoto hasira, kisha inataja adabu na maonyo. Nayo Uganda, kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, ilipiga marufuku viboko shuleni. Kumrudi mtoto hakujapigwa marufuku: ni kufungua daftari lake jioni, kumuuliza kwa nini hesabu ya tatu imeachwa wazi, na kukaa naye hadi aimalize.

Kwa matumizi: sema "mama amemrudi Juma", yaani amemwadibu. Ukisema "amemrudia", umemaanisha kwamba alikuwa amemwacha.