Mfasiri akikutana na 'mohyla'

NENO la Kiukreni 'mohyla' linaweza kumtoa mfasiri jasho. Kamusi itampa 'kaburi', naye aandike kaburi, aendelee na kazi. Lakini mwanakijiji wa nyika za kusini mwa Ukraine akilitaja, mara nyingi anakuonyesha tuta kubwa la udongo lililosimama peke yake katikati ya shamba la ngano.

Nchi hiyo ni tambarare kweli kweli. Huko, tuta la mita nane ni mlima. Ya kale zaidi yalirundikwa na wafugaji zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kisha wakaja Waskithi, ambao Herodotus anasimulia kwamba walipomzika mfalme walishindana kurundika udongo ili tuta liwe kubwa iwezekanavyo. Wapolovtsi nao walisimamisha juu yake sanamu za mawe ziitwazo 'baba'. Usidanganyike, msomaji: baba kwa Kiukreni ni nyanya, hata pale sanamu ina masharubu!

Kijijini, nyumba ya jadi, 'khata', nayo ni ya udongo: udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, ukapakwa chokaa, juu paa la nyasi au matete. Wanawake ndio waliokandika kuta, wakazipaka upya kabla ya Pasaka. Aliyekulia katika nyumba ya kukandikwa hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka wa 1971, Borys Mozolevskyi, mwanaakiolojia aliyekuwa pia mshairi, alichimba Tovsta Mohyla, yaani 'tuta nene', akapata pambo la kifuani la dhahabu lenye uzani wa zaidi ya kilo moja. Wamo wanyama wakali wakiraruana, ila mimi hunivutia zaidi wanaume wawili wanaoshughulikia vazi la ngozi ya kondoo, na kijana anayekama kondoo. Kaburi la kifalme, kazi za nyumbani!

Matuta mengi hayana dhahabu, basi trekta huyapunguza kila msimu hadi libaki doa tu shambani. Na tangu 2022 wanajeshi wamechimba mahandaki katika baadhi yake, kwa sababu ileile iliyowapandisha Wakozaki zamani: ukiwa juu unamwona adui mapema.

Sasa tufasirije? 'Kilima' kinamsahau maiti, 'kichuguu' kitatuletea mchwa. Mimi ningesema 'tuta la kaburi'. Lakini kaburi jipya la kijana aliyeuawa vitani, pale pembeni mwa kijiji, nalo huitwa mohyla. Hapo mfasiri aandike tu kaburi.