Tafiti Jumuishi: Namna Swali, Sampuli na Mdadisi Vinavyoamua Nani Anahesabika

Takwimu za jamii na za soko ndizo zinazoongoza mgawanyo wa bajeti, ujenzi wa huduma na utengenezaji wa bidhaa. Mtu asiyefikiwa na utafiti hukosekana katika takwimu hizo, na mara nyingi hukosekana pia katika mipango inayotokana nazo. Ndiyo maana nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, zimeendelea kuboresha namna ya kuwauliza na kuwafikia watu wenye ulemavu, wanawake, wazee na wakazi wa maeneo ya mbali.

Msingi wa kimataifa wa jambo hili ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 31 ya Mkataba huo inazitaka nchi wanachama kukusanya takwimu zitakazowezesha kutunga na kutekeleza sera, na kuzichambua ili kubaini vikwazo vinavyowakabili watu wenye ulemavu. Kenya iliridhia Mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Swali hubadilisha jibu

Kwa miaka mingi madodoso yaliuliza iwapo katika kaya kuna mlemavu. Swali hilo lina kasoro mbili. Kwanza, wengi wanaposikia neno hilo humfikiria mtu asiyeweza kutembea au aliyepoteza kiungo. Hivyo bibi ambaye haoni vizuri, au kijana asiyesikia sawasawa, huachwa. Pili, neno hilo hubeba unyanyapaa, na baadhi ya kaya huchagua kunyamaza.

Ili kuondoa kasoro hizo, Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, lililoundwa chini ya Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, liliandaa maswali 6 mafupi. Maswali hayo huuliza kama mtu anapata shida katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hapana shida, shida kiasi, shida kubwa, au hawezi kabisa. Neno ulemavu halitajwi. Kwa ajili ya ulinganisho wa kimataifa, anayejibu shida kubwa au hawezi kabisa, angalau katika swali moja, huhesabiwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 kuna maswali ya pekee yaliyoandaliwa kwa kushirikiana na UNICEF, kwa kuwa maswali ya watu wazima hayabaini vyema matatizo ya ukuaji.

Kenya ni mfano mzuri wa uzito wa swali. Sensa yake ya mwaka 2009 ilionesha kuwa watu wenye ulemavu ni takriban asilimia 3.5 ya wananchi. Ile ya mwaka 2019 ilionesha asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Tofauti hiyo haiwezi kusomwa kuwa ulemavu umepungua, kwa sababu maswali na umri wa waliohesabiwa vilibadilika. Sensa hiyo ya 2019 pia ilihesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsi mbili, ambao walikuwa 1,524. Kabla ya hapo, dodoso halikuwa na mahali pa kuwaandika.

Nchini Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022 ilibaini idadi ya watu 61,741,120, na makarani walitumia vishikwambi kukusanya taarifa. Matokeo ya Sensa hiyo yalionesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Msomaji anayelinganisha kiwango hiki na cha nchi nyingine hana budi kuangalia kwanza maswali yaliyoulizwa, umri uliohusishwa na kigezo kilichotumika.

Sampuli na njia ya kuwafikia watu

Tofauti na sensa, tafiti nyingi huchagua watu wachache kuwakilisha wengi. Kundi lililo asilimia 2 ya wananchi litakuwa na watu 20 tu katika sampuli ya watu 1,000. Idadi hiyo haitoshi kutoa hitimisho la kuaminika kuhusu kundi hilo, seuze kulinganisha wanawake na wanaume ndani yake. Njia inayokubalika ni kuongeza kwa makusudi idadi ya wahojiwa wa kundi hilo, kisha kurekebisha uzani wakati wa uchambuzi ili matokeo ya jumla yasipotoke.

Tafiti za soko zina changamoto nyingine. Mahojiano ya simu ni nafuu na ya haraka, lakini humwacha kiziwi, asiye na simu, na mwanamke anayetumia simu ya mwenzi wake. Dodoso la mtandaoni huwapata zaidi wenye simu janja na intaneti. Uzani hauwezi kuziba pengo hilo: unaweza kuikuza sauti ya wachache waliojibu, lakini hauwezi kumsemea ambaye hakufikiwa. Kwa hiyo inashauriwa kuchanganya njia: simu, ujumbe mfupi na mahojiano ya ana kwa ana.

Anayejibu naye ni muhimu. Mara nyingi mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya wote. Anaweza kujua umri wa kila mtu, lakini asijue akiba ya mkewe au shida ya kijana wake kusikia. Mdadisi anapaswa kumhoji mhusika mwenyewe inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, akiwepo mkalimani wa lugha ya alama pale anapohitajika.

Manufaa kwa mwananchi

Halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu hilo limewekwa na sheria, lakini kujua walengwa wako kata gani na wanahitaji nini hutegemea takwimu sahihi. Ndivyo ilivyo pia kwa walimu wa elimu maalumu, vifaa saidizi na njia za kuingilia katika majengo ya umma.

Mwananchi anayefikiwa na mdadisi anayo haki ya kuona kitambulisho chake na kuelezwa lengo la utafiti. Sheria ya Takwimu inalinda usiri wa taarifa za mtu mmoja mmoja zinazokusanywa kwa ajili ya takwimu rasmi. Kushiriki katika utafiti wa kibiashara ni hiari, na anayeona taarifa zake zimetumiwa isivyo halali anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa upande wa kaya, wajibu ulio mkubwa ni kutomficha yeyote anayeishi ndani yake.