Namna ya Kuhamisha Faili kati ya PSP na Kompyuta ya Mezani

PlayStation Portable (PSP), kifaa cha michezo cha mkononi kilichoingizwa sokoni na kampuni ya Sony nchini Japani mwezi Desemba, 2004, huhifadhi rekodi za michezo, picha na muziki katika kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo ikiharibika, vyote hupotea iwapo mtumiaji hana nakala katika kompyuta.

Kifaa huunganishwa kwa waya wa USB wenye kichwa cha mini-B, isipokuwa toleo la PSP Go, linalotumia waya wake maalumu. Mtumiaji hufungua sehemu ya mipangilio na kuchagua muunganisho wa USB, ndipo kompyuta huitambua kadi kama diski ya kuchomeka. Rekodi za michezo zimo katika folda ya SAVEDATA, ndani ya folda ya PSP, na hunakiliwa kama faili nyingine yoyote.

Waya haupaswi kuchomolewa wakati taa ya kadi inawaka na kuzima, kwa kuwa data bado inasomwa au kuandikwa. Kazi ikikamilika, diski huondolewa kwanza kwa amri ya kompyuta, kisha muunganisho hufungwa katika PSP, na mwisho waya huchomolewa.